Njaa ya hamira: kinachoendelea kwenye jeni tangi la mvinyo linaposimama

Tangi lina lita 1,000 za juisi ya zabibu za Chenin Blanc. Siku nne za kwanza limechacha vizuri: povu juu, joto ubavuni, haidromita, kipimo cha sukari, inashuka kila asubuhi. Siku ya sita bado kuna gramu 60 za sukari kwa lita na hazipungui. Siku ya saba ukifunua kifuniko unapokewa na harufu ya yai viza. Sukari ipo, hamira ipo, kazi imesimama.

Jibu la haraka ni kwamba hamira imekufa. Mara nyingi si kweli. Ukichukua tone ukaliweka chini ya hadubini utakuta seli nyingi bado hai. Zina njaa, na zimeijibu njaa hiyo kwa kuzima mamia ya jeni na kuwasha mamia mengine, mpaka kula sukari iliyowazunguka kukawa si kipaumbele tena. Kinachotatiza ni neno lenyewe. "Njaa" kwa hamira ni mambo manne au matano tofauti, na seli haiyachanganyi: ina kipimo cha sukari, cha naitrojeni, cha fosfeti, cha salfa, kila kimoja na njia yake ya kupeleka habari hadi kwenye kiini cha seli. Na kinachoamua kama seli itavuka au itakufa si ukali wa njaa peke yake. Ni kama seli imetambua kuwa ina njaa. Hapo ndipo wanaomwaga DAP (diamonia fosfeti, chumvi ya kuipa hamira naitrojeni) kwa kukadiria wanapojiponza.

Kwanza majina, maana yanachosha

Hamira tunayoizungumzia ni Saccharomyces cerevisiae, ileile ya maandazi na mikate. Ina kromosomu 16, herufi za DNA zipatazo milioni 12 na jeni kama 6,000. Mwaka 1996 ilikuwa kiumbe cha kwanza chenye kiini cha seli kusomwa DNA yake yote, na mengi yanayofahamika kuhusu njaa ya seli, hata za binadamu, yalianzia kwake.

Majina ya jeni zake ni kero, lakini yana kanuni. Herufi kubwa tupu ni jeni: GCN4. Herufi kubwa moja mwanzoni ni protini inayotokana na jeni hiyo: Gcn4. Na jina kwa kawaida linataja kinachoharibika jeni ikikosekana, si kazi yake. SNF1, kwa mfano, ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "isiyochachusha sukrosi", kwa sababu seli zilizoharibika jeni hiyo zilishindwa kuishi kwa sukari ya kawaida. Kazi halisi ya Snf1 ni kupiga kengele glukosi inapopungua. Anayesoma jina tu atapotea.

Seli iliyoshiba inatumia wapi nguvu zake

Ukitaka kuelewa seli inabana wapi, angalia inatumia wapi. Seli iliyoshiba hugawanyika kila baada ya dakika 90 hivi. Ndani yake kuna ribosomu, yaani mashine za kutengeneza protini, zipatazo 200,000, na kila dakika inaunda mpya kama 2,000. Karibu asilimia 60 ya kazi yote ya kunakili DNA huenda kwenye RNA ya ribosomu peke yake. Hakuna gharama kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa.

Wasimamizi wa matumizi haya ni wawili. Wa kwanza ni TORC1, mkusanyiko wa protini unaokaa juu ya utando wa vakuoli, mfuko ambamo seli huhifadhi amino asidi. TORC1 husikiliza hasa habari za naitrojeni. Jeni za TOR ziligunduliwa mwaka 1991 mjini Basel na Heitman, Movva na Hall, waliokuwa wanatafuta jinsi dawa ya rapamaisini inavyozuia hamira kukua. Dawa hiyo asili yake ni bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui. Wa pili ni PKA, anayesikiliza sukari. Glukosi ikiingia, seli hutengeneza kemikali ndogo iitwayo cAMP, nayo huiondoa protini Bcy1 inayoifunga PKA, na PKA inaanza kazi.

Wote wawili hufanya kazi kwa kubandika fosfeti kwenye protini nyingine. Wakiwa macho, jeni za ribosomu zinanakiliwa kwa kasi, na protini mbili, Msn2 na Msn4, zinafungiwa nje ya kiini. Mmoja wao akilala, fosfeti zinabanduliwa, Msn2 na Msn4 zinaingia ndani ya dakika chache na kutafuta kwenye DNA mfuatano mfupi wa AGGGG. Kila jeni yenye mfuatano huo mbele yake iko tayari kuwashwa: CTT1 inayotoa kimeng'enya cha kuvunja peroksaidi ya hidrojeni, HSP104 inayonyoosha protini zilizoharibika, TPS1 inayotengeneza akiba ya trehalosi.

Mwaka 2000 Audrey Gasch na wenzake walilinganisha hamira kwenye njaa, joto, chumvi na misukosuko mingine, wakaona jeni kama 900 zinazofuata mkondo mmoja karibu kila mahali: 600 hivi zinashuka, 300 hivi zinapanda. Hilo ndilo jibu la jumla. Juu yake kila njaa inaongeza lake.

Naitrojeni: njaa ya Dodoma

Hii ndiyo inayosimamisha matangi mengi, na ndiyo yenye tabaka nyingi, kwa hiyo tukae hapa.

Tabaka la kwanza ni uchaguzi. Hamira haili chochote inachokikuta. Ikiwa kuna amonia au glutamini, protini Ure2 inaikamata Gln3 nje ya kiini, na jeni za kula vyakula hafifu hazinakiliwi. Amonia na glutamini zikiisha, Gln3 inaachiwa, inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni kama GAP1, mlango unaopitisha karibu kila aina ya amino asidi. Kuna matokeo ya vitendo hapa. Ukimwaga DAP siku ya kwanza, unaipa hamira amonia tele, GAP1 inazimwa, na amino asidi za zabibu zenyewe zinachelewa kuliwa.

Katika amino asidi hizo kuna moja inayodanganya watu: prolini. Juisi ya zabibu inaweza kuwa nayo nyingi kuliko nyingine zote. Lakini hatua ya kwanza ya kuivunja, inayofanywa na kimeng'enya cha jeni PUT1, inahitaji oksijeni, na tangi linalochacha halina. Kwa hiyo prolini inaingia ikiwa prolini na inatoka kwenye chupa ikiwa prolini. Kipimo cha maabara kinachoihesabu kama chakula kitakuonyesha juisi iliyoshiba wakati hamira inalala njaa. Kinachohesabiwa ni naitrojeni inayolika tu: amonia pamoja na amino asidi bila prolini.

Tabaka la pili ni ustadi mtupu. Amino asidi moja ikipungua, tRNA zake, ambazo ni wabebaji wa amino asidi kwenda kwenye ribosomu, zinabaki mikono mitupu. tRNA tupu zinanata kwenye protini Gcn2, nayo inabandika fosfeti kwenye eIF2, kiungo ambacho kila ribosomu inakihitaji ili ianze kutengeneza protini. eIF2 yenye fosfeti inakwamisha nyingine zisichajiwe upya. Utengenezaji wa protini unashuka kila mahali, isipokuwa protini moja inayopanda: Gcn4.

Inawezekanaje? RNA ya GCN4, yaani nakala ya jeni hiyo inayosomwa na ribosomu, ina vituo vinne vya bandia kabla ya kituo cha kweli. Fikiria daladala inayotoka Sabasaba kwenda Nanenane, na kanuni ni kwamba haiwezi kusimama kituoni bila konda. Daladala ni ribosomu, konda ni eIF2 iliyochajiwa. Kwenye kituo cha kwanza cha bandia daladala inasimama, konda anashuka na haonekani tena, gari linaendelea peke yake. Siku za shibe makonda wamejaa barabarani: kabla ya kituo cha nne mwingine ameshadandia, gari linasimama hapo, na kituo cha nne ndipo linapoondolewa barabarani. Halifiki Nanenane. Siku za njaa makonda ni adimu. Gari linapita kituo cha nne bila konda, halisimami, linampata mbele kidogo, na linasimama kwenye kituo cha kweli. Gcn4 inatengenezwa. Hakuna jeni mpya iliyowashwa mpaka hapo. RNA ilikuwepo tangu mwanzo ikisubiri uhaba. Gcn4 ikishaingia kwenye kiini inagusa jeni zaidi ya 500, nyingi zikiwa za kuunda amino asidi kutoka mwanzo.

Lakini kuunda amino asidi kunahitaji naitrojeni vilevile. Isipokuwepo kabisa, linafika tabaka la tatu: TORC1 inalala, protini Atg13 inapoteza fosfeti zake na kuungana na Atg1, na seli inaanza kujila. Utando unakua ndani ya saitoplazimu, unazingira kipande chake pamoja na ribosomu zilizomo, unakuwa kifuko, na kifuko kinamwagwa kwenye vakuoli ambako vimeng'enya vinavunja kila kitu kirudi kuwa amino asidi. Yoshinori Ohsumi aliliona hili kwa macho kwa hila rahisi: alichukua hamira isiyo na vimeng'enya vya kuvunja protini kwenye vakuoli, akainyima chakula, na ndani ya saa chache vakuoli zikajaa vifuko vinavyochezacheza visivyovunjika. Mwaka 1993 yeye na mwanafunzi wake walitangaza kundi la jeni 15 zinazoendesha kazi hiyo, na mwaka 2016 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Turudi kwenye tangi. Kuna mambo mawili unayoyaona kwa pua na haidromita, na yote yanatoka hapa.

Harufu ya yai viza ni haidrojeni salfaidi. Ili hamira iunde methionini na sisteini inachukua salfeti ya juisi na kuigeuza hatua kwa hatua hadi salfaidi. Salfaidi hiyo inapaswa kudakwa na kiunzi chenye naitrojeni ndani yake. Naitrojeni ikiisha viunzi vinaisha, lakini mtambo wa kutoa salfaidi hauzimiki mara moja. Salfaidi isiyo na wa kuidaka inatoka nje ya seli na kukupiga puani. Harufu, kwa maneno mengine, ni njia moja iliyokosa mwenzake, wala si dalili ya uchafu.

Na kwa nini sukari haishuki? Kwa sababu milango ya kuingizia sukari, protini za jamii ya Hxt, ina umri mfupi na inahitaji kubadilishwa. Seli isiyo na naitrojeni haitengenezi mipya, na ya zamani inavutwa ndani na kuvunjwa kama kila kitu kingine. Seli iko hai katikati ya utamu na mlango umefungwa.

Juisi ya hapa Dodoma iko hatarini zaidi kwa sababu ya kawaida sana: mzabibu kwenye udongo wa kichanga usiopata samadi, na mizizi isiyofikia maji wakati tunda linajaa, haupandishi naitrojeni ya kutosha kwenye zabibu, huku jua likisukuma sukari hadi Brix 24, yaani kama asilimia 24 ya uzito wa juisi. Sukari nyingi na naitrojeni kidogo ndiyo jozi mbaya. Pombe ya mtama au uwele haina shida hii kwa kiwango hicho: kimea kinapoota, protini za punje zinavunjwa, na hamira inakuta amino asidi zimeshatayarishwa.

Sukari ikiisha

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa mtengeneza mvinyo anaitaka njaa hii. Ndiyo mwisho mwema wa kazi.

Glukosi ikiwa nyingi, protini Mig1 inakaa kwenye kiini na kuzikalia jeni za sukari nyingine, SUC2 ikiwemo, ambayo inatoa kimeng'enya cha kupasua sukrosi. Glukosi ikishuka Snf1 inaamka, inaibandika Mig1 fosfeti, na Mig1 inatolewa nje ya kiini. Wakati huohuo jeni za kula etanoli zinawashwa, ADH2 ikiwa maarufu zaidi. Mwaka 1997 DeRisi, Iyer na Brown walifuatilia karibu jeni zote za hamira kwa pamoja wakati glukosi inaisha: zilizopanda mara mbili au zaidi zilikuwa kama 710, zilizoshuka kwa kiasi hicho kama 1,030. Zaidi ya robo ya jeni zote zilisogea kwa sababu ya sukari moja kuisha. Kula etanoli kunahitaji oksijeni, kwa hiyo kwenye tangi lililofungwa jeni hizo zikiwashwa hazina la kufanya.

Jambo moja la kuangalia hapa ni kasi. Ukiitoa hamira kwenye glukosi na kuiweka kwenye maji yasiyo na sukari, utengenezaji wa protini unakaribia kusimama ndani ya dakika moja au mbili. Jeni hazijapata hata muda wa kunakiliwa. Seli hufunga bomba kwanza, halafu ndiyo inapanga.

Akiba, na kipimo cha iodini

Seli iliyotambua njaa inaweka akiba mbili: glaikojeni, ndugu wa wanga, na trehalosi, sukari ya vipande viwili vya glukosi. Trehalosi ni zaidi ya chakula. Inashikilia utando na protini zisiharibike maji yakiondoka. Hamira kavu ya dukani inaishi kwenye pakiti kwa sababu hiyo. Kiwandani, mwisho wa kukuza, hamira hunyimwa naitrojeni makusudi na kupewa sukari kwa mgawo mdogo, ili Msn2 na wenzake waamke na seli ijaze trehalosi kabla ya kukaushwa. Pakiti ya hamira ni mabilioni ya seli zilizofundishwa njaa. Ndiyo maana pia ukiimwagia maji baridi inazembea: utando uliokauka hujipanga vizuri kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 40, na kwenye maji baridi unavuja kabla haujafunga.

Glaikojeni inaonekana kwa iodini ileile inayotumika shuleni kupima wanga. Chukua tone la juisi inayochacha siku ya pili, ongeza tone la iodini kwenye kioo, funika, tazama kwa ukuzaji wa mara 400. Seli zinazokua zitakuwa na rangi ya njano hafifu. Rudia siku ya sita. Seli zilizoweka akiba zitakuwa kahawia yenye wekundu, nyingine kama kutu. Ukiona bluu nyeusi, hiyo si hamira, ni wanga uliotoka kwingine. Kosa la kawaida ni kutazama baada ya nusu saa: rangi inafifia, kwa hiyo tazama ndani ya dakika chache.

Kuna njia ya mbali zaidi, spora. Seli yenye seti mbili za kromosomu ikikosa naitrojeni na pia sukari ya kuchachusha, ikabaki na kitu kama asetati tu, inawasha IME1, inagawanya kromosomu zake kama viumbe vinavyofanya kabla ya kuzaana, na inafungasha spora nne ndani ya ganda moja. Maabara hutumia asetati ya potasiamu asilimia 1 na kusubiri siku tatu hadi tano. Kwenye tangi huioni, maana sukari imebaki, na sukari inaizuia IME1.

Seli isiyojua kwamba ina njaa

Sasa fundo lenyewe. Vipimo vilivyotajwa vinasikiliza vitu ambavyo hamira imekuwa ikivikosa tangu enzi: sukari, naitrojeni, fosfeti, salfa. Fosfeti ikiisha, kwa mfano, Pho4 inaingia kwenye kiini na kuwasha PHO5 na PHO84, seli inatulia, na inaweza kukaa hivyo siku nyingi. Lakini hamira ya maabara iliyoharibiwa jeni moja ya kutengeneza lusini, ikinyimwa lusini huku mengine yote yakiwepo, haitulii vizuri. Inaendelea kuchoma glukosi kana kwamba hakuna tatizo, na inakufa haraka kuliko mwenzake aliyenyimwa fosfeti. Chakula kimepungua kwa wote wawili. Mmoja tu ndiye aliyepunguza moto wa jiko.

Kwenye mvinyo jambo hili lina sura yake. Hamira inahitaji steroli na mafuta yasiyoshiba kwa ajili ya utando, na kuviunda kunahitaji oksijeni. Bila oksijeni inategemea kile kilichoelea kwenye juisi, yaani vipande vidogo vya tunda. Juisi nyeupe iliyotuama mpaka ikang'aa kama maji ya chupa imepoteza sehemu kubwa ya mafuta hayo. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2013 na Catherine Tesnière na wenzake uliweka hamira kwenye juisi yenye mafuta haba. Penye naitrojeni haba pia, seli zilibaki hai. Penye naitrojeni nyingi, zilikufa kwa wingi. Aliyeshiba naitrojeni alikufa zaidi ya mwenye njaa.

Sababu iko kwenye wasimamizi tuliowaona. Naitrojeni ikiwepo TORC1 iko macho na inasema endelea. Hakuna mwingine mwenye sauti ya kutosha ya kusema kwamba utando umeisha vifaa. Msn2 na Msn4 hazipati ruhusa, trehalosi haiwekwi, na etanoli inapofika asilimia kumi na kitu inakuta utando dhaifu usio na kinga. DAP iliyomwagwa kwa wingi kwenye juisi kama hiyo inazidi kuitia hamira usingizi wa shibe.

Basi, kwenye tangi

Pima naitrojeni kabla ya kuanza. Njia ya formalini inawezekana kwenye maabara ndogo: juisi mililita 10, ipandishe hadi pH 8.1 kwa soda kali, ongeza formalini iliyorekebishwa nayo hadi 8.1, pH itaanguka, kisha hesabu soda ya nguvu 0.1 inayohitajika kuirudisha 8.1. Kila mililita moja ni sawa na miligramu 140 za naitrojeni kwa lita. Formalini ni sumu: dirisha wazi, glovu mkononi. Kipimo kinashika na sehemu ya prolini, kwa hiyo lichukulie jibu kama la juu kidogo kuliko hali halisi.

Chini ya miligramu 140 ni hatari. Kwa juisi ya Brix 24 lenga 200 hadi 250. DAP safi ina naitrojeni asilimia 21. Juisi ikiwa na 110 na unataka 200, pengo ni 90. Gawa kwa 0.21 upate miligramu 430 kwa lita, yaani gramu 430 kwa tangi la lita 1,000. Iwe DAP ya chakula. Mfuko wa mbolea ya kupandia ulioandikwa 18-46 hauingii hapa. Haikusafishwa kwa ajili ya tumbo na inaweza kubeba kadimiamu.

Gawanya mara mbili. Nusu ya kwanza Brix ikishashuka mbili au tatu, ili hamira iwe imeanza kula amino asidi za zabibu. Nusu ya pili theluthi ya sukari ikiwa imekwisha. Yeyusha kwanza na uimimine polepole, la sivyo gesi inachomoka yote kwa pamoja na tangi linafoka hadi sakafuni. Baada ya hapo acha. Etanoli ikifika asilimia 10 hivi hamira haiingizi tena naitrojeni ya maana, na unachoweka kinawangoja bakteria. Oksijeni ipewe dirisha hilohilo, robo hadi theluthi ya safari, miligramu 5 hadi 10 kwa lita, kwa kuzungusha juisi ikipita hewani. Na juisi nyeupe usiitue mpaka ing'ae.

Likisimama, uliza ni njaa ipi kabla ya kutibu. Changanya tone la mvinyo na tone la methilini bluu ya asilimia 0.01. Seli hai huiondoa rangi na kubaki nyeupe. Zilizokufa zinakuwa bluu. Nyingi zikiwa nyeupe na iodini ikazipa kahawia, ni njaa ya naitrojeni iliyotambuliwa. Nyingi zikiwa bluu wakati naitrojeni bado ipo, tafuta kwenye mafuta, oksijeni au joto lililopanda. Na usisome sukari kwa rifraktomita hapa: etanoli inaidanganya. Haidromita nayo inadanganywa, kwa upande mwingine, lakini kwa kiasi kidogo. Vijiti vya kupimia sukari ya mkojo kwa wagonjwa wa kisukari havifai, maana vingi vinaona glukosi tu, na iliyobaki kwenye tangi lililosimama sehemu kubwa ni fruktosi. Hamira hupendelea glukosi, fruktosi inaachwa mwisho. Kuna aina za hamira zenye HXT3 iliyobadilika ambazo zinaimeza fruktosi vizuri zaidi, na hizo ndizo za kutafuta kwa kuwasha upya.

Kuwasha upya hakutaki haraka. Lowesha hamira mpya, gramu 0.5 kwa kila lita ya mvinyo uliosimama, kwenye maji mara kumi ya uzito wake, nyuzi 35 hadi 40, dakika 20. Ihamishie kwenye mchanganyiko wa nusu maji nusu mvinyo ule, wenye sukari kama gramu 50 kwa lita, ukitunza nyuzi 20 hadi 25. Maganda ya hamira na chakula cha naitrojeni viweke humu, si kwenye tangi kuu. Sukari ya mchanganyiko ikifika nusu, ongeza mvinyo uliosimama wa ujazo uleule. Subiri tena ifike nusu, ongeza tena. Kila kipindi ni muda wa jeni za kukabili etanoli kunakiliwa, protini kutengenezwa na utando kubadilishwa. Anayeimwaga yote tangini siku ya kwanza anapeleka seli zilizoshiba kwenye asilimia 11 ya etanoli bila kinga hata moja, na kesho yake methilini bluu itamwonyesha kioo kizima cha bluu.